Jina la Mwanangu kwenye Kipaza Sauti

9 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba hii. Mimi ni mzima wa mwili, na Bosi yupo. Nimeandika "yupo" kwa makusudi, utaelewa mbele. Wifi hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombea kiti cha dirishani? Waambie shangazi yao amewashonea kaptura. Zikiwabana kiunoni, kosa si langu, ni la mama yao anayewalisha vizuri.

Kazi ipo. Shule zimefunguliwa na sare ndizo zinazotulisha. Cherehani nimeihamishia kwenye karakana ya shemeji yako. Nilidhani sitaweza kukaa mle, kumbe naweza. Bati lake la skrubu nimeliacha palepale dirishani. Kuna friji moja ambayo mwenyewe hajarudi kuichukua tangu msiba. Juzi niliichomeka kwenye umeme, ikanguruma kidogo, nikamwona marehemu alivyokuwa akiinamisha kichwa kuisikiliza mashine kama daktari anayesikiliza kifua. Nikaichomoa, nikarudi kwenye kazi yangu.

Utashangaa nakuandikia karatasi wakati simu ipo. Simu nimeiogopa. Nitakueleza kwa nini.

Alhamisi alikuja mama mmoja nisiyemjua, anataka sketi yake ipanuliwe. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, pini mdomoni, napima pindo. Akanigusa bega, akasema, "Pole mama. Tunamwombea binti yako. Mungu hatakubali ajidhuru."

Mimi na pini zangu mdomoni. Nikazitoa moja moja.

"Binti yangu yupi?"

"Si huyu wa marehemu fundi friji? Si ndiye Bosi? Kikundi chetu chote kimefunga kwa ajili yake."

Akanionyesha simu. Mdogo wangu, nilisoma jina kamili la mwanangu, na jina la baba yake, kisha maneno haya: kwamba tangu afiwe anasumbuliwa na roho ya mauti, na anatamani siku moja asiamke asubuhi. Chini yake, watu wameweka alama za mikono iliyofumbana. Na yule mama si wa kanisa letu. Hata mtaa wetu si wake.

Mimi mama yake, ninayetenganishwa naye na ukuta mmoja, nimeambiwa na mtu niliyekuwa nampima kiuno.

Nimefuatilia. Bosi alimwambia kiongozi wa vijana, yule kijana wanayemwita Spika kwa sababu kipaza sauti hakimtoki mkononi. Alimwambia faragha, baada ya mazoezi ya kwaya, kwa sababu anamwamini. Spika akalipeleka kwenye duara lao la Jumamosi, ambapo shida ya kila kijana hutajwa na kuombewa kwa jina. Jumapili akalitangaza madhabahuni, mimi nikiwa nimebaki nyumbani na homa. Kuanzia hapo likaingia kwenye simu, na simu unazijua.

Nilimuuliza Bosi. Akasema, "Kumbe na wewe umeshasikia." Akageukia ukuta. Tangu siku hiyo ananijibu ndiyo na hapana tu. Nimehamishia godoro langu chumbani kwake. Nimemwambia ni kwa sababu ya panya. Panya hatuna, na anajua.

Sasa sikiliza. Alichokisema kimeniumiza, lakini si hicho kinachonitisha zaidi. Kinachonitisha ni kwamba hatasema tena. Alifungua mlango mara moja, mtaa mzima ukaingia na viatu. Ninachotaka ni kimoja tu, mwanangu aseme tena, na mtu anayefaa.

Wewe ndiye mratibu wa kazi ya vijana kwa makanisa yetu yote. Spika yuko chini yako. Zungumza naye.

Dada yako.


6 Machi

Dada yangu mpendwa katika Bwana,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Uniwie radhi kwa kuchelewa, nilikuwa kwenye semina za viongozi, mji hadi mji, na barua yako nimeikuta imelala mezani. Huku sote ni wazima. Mapacha wamezipenda kaptura, na hazijawabana, ila mmoja ameshachana ya kwake kwenye msumari wa benchi. Wifi yako anakusalimu, anasema usimsingizie.

Habari za binti yetu zimenichoma moyo. Nimemkumbuka alivyokuwa mdogo, akikaa kwenye kiti cha baba yake pale karakana, na shemeji akimwomba ruhusa ya kwenda kula: "Bosi, naruhusiwa?" Nilicheka peke yangu, kisha nikashindwa kuendelea kusoma.

Hata hivyo, dada, tuangalie na upande wa pili. Spika ni kijana mwenye bidii. Hajaajiriwa, halipwi, na jioni zake zote anazitoa kwa vijana. Hakuwa na nia mbaya. Tena watu wengi hivyo, hata wa makanisa mengine, kufunga kwa ajili ya mtoto mmoja, hiyo nayo ni neema, ingawa imekuja kwa njia ya maumivu. Nakusihi usiruhusu uchungu uote mizizi. Samehe, umwachie Mungu.

Nitazungumza na Spika wakati ukifika. Kuhusu huo utaratibu wa kuombeana kwa majina, sina la kusema kwa sasa.

Na wewe, dada? Hukuandika hata mstari mmoja juu yako.

Mdogo wako.


17 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Tunaendelea. Mvua imeanza kuvuja pale kwenye kona ya karakana ambayo shemeji yako aliahidi kuiziba kila mwaka. Nimeweka ndoo. Ndoo yenyewe ni ile ya kuchanganyia sementi ya kuzibia, sijui kama nicheke.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ukiniandikia maneno laini hivyo huwa naanza kukagua mfuko wangu. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi ndiye niliyekufundisha kupaka mafuta.

Kwa kuwa wakati wako haukufika, nilikwenda kwa Spika mwenyewe. Nilimkuta kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, kile cha viti vya plastiki vilivyopandana hadi dari, kinanda kimefunikwa shuka, zulia linanuka maji. Alikuwa anakunja nyaya. Aliponiona akasimama haraka, nyaya zikamwanguka miguuni.

"Karibu mama. Bosi anaendeleaje? Tunaendelea kumshikilia kwenye maombi."

"Mwachilieni," nikamwambia.

Akakaa. Ni mtoto tu, mdogo wangu. Ndevu zenyewe bado zinajiuliza kama zitoke. Nilikwenda nimebeba hasira ya kumtosha mtu mzima, nikakuta hana pa kuiweka.

Nikamuuliza, "Mwanangu alipokuambia, alikuambia ukamwambie nani?"

"Hakusema, mama."

"Sasa ulimwuliza?"

Akatazama nyaya. "Niliogopa. Sikuwahi kuambiwa jambo zito namna ile. Nilidhani nikibaki nalo peke yangu na likatokea la kutokea, damu yake itakuwa juu yangu. Nikafanya kama tulivyofundishwa."

"Mmefundishwa na nani kumweka mtoto wa mtu kwenye kipaza sauti?"

Akanitazama kama mtu anayedhani anataniwa. "Mama, si kwenye semina? Ile ya Weka Mezani. Kila mzigo unawekwa mezani na kutajwa kwa jina, kwa sababu siri ndiyo mlango wa adui. Mjomba wake ndiye aliyetufundisha. Tulidhani nyumbani kwenu mnaijua zaidi yetu."

Nilimuaga vizuri. Nje nilisimama kwanza ukutani, kisha nikaja moja kwa moja kukuandikia.

Basi nakuuliza mara moja, sitazunguka. Ni wewe? Na kama ni wewe, uliponiandikia kwamba huna la kusema kwa sasa, ulikuwa unamficha nani?

Dada yako.


25 Aprili

Mdogo wangu,

Sijapata jibu lako. Nilijiambia labda barua imepotea, halafu nikakumbuka kwamba ile ya kaptura ilifika, na mzigo wake ulikuwa mkubwa kuliko swali langu.

Hatujambo kiasi. Bosi haendi shule. Mwalimu mmoja, sijui kama ni ujinga au ni utani, alimsimamisha darasani asubuhi akamuuliza kwa sauti, "Na wewe leo umeamka?" Darasa likacheka. Alirudi nyumbani kabla ya mapumziko, akavua sare, akaikunja vizuri sana, akaiweka juu ya cherehani yangu kama mteja anayerudisha nguo isiyomtosha. Hakulia. Ningefurahi kama angelia.

Nilikwenda shuleni. Mwalimu mkuu aliniambia kwamba jambo lenyewe lilikuwa limeshatangazwa kanisani, kwa hiyo walimu hawakujua kama bado ni siri. Hilo nalo nikalimeza.

Nimempeleka kliniki pia. Yupo muuguzi anayeshughulikia magonjwa ya mawazo, mama wa makamo, anavaa viatu vya raba na ana subira. Tumekwenda mara kadhaa. Bosi anakaa, anatazama kalenda ya ukutani hadi muda unakwisha. Muuguzi hamsukumi. Anamwambia tu, "Karibu tena," na kweli anamaanisha arudi.

Sasa la juzi. Walikuja wageni wawili, mzee wa kanisa na mama mlezi wa vikundi. Walikaa kwenye benchi la karakana, wakauliza hali, wakasifu mishono. Mzee akasafisha koo.

"Mama, Jumapili ya Vijana inakaribia. Tuna mgeni mkubwa anakuja. Tumeona ingefaa binti asimame, atoe ushuhuda mfupi wa jinsi maombi yalivyomvusha."

"Hajavuka," nikasema.

"Kwa imani ameshavuka."

"Kwa imani, ndiyo. Kwa miguu bado yuko ng'ambo."

Yule mama akatabasamu kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Unajua mama Bosi, wapo wazazi wanaowabania watoto wao baraka kwa sababu ya aibu ya nyumbani."

Nilikuwa na mkasi mkononi. Niliuweka chini, kwa sababu nilitaka kujibu kama Mkristo. Kabla sijajibu, pazia la mlango wa kuingilia ndani likafunguliwa, Bosi akatokea, miguu pekupeku. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Karibuni," akasema. "Jina langu mlitoe kwenye ratiba." Akarudi ndani.

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyoyasema kwa wiki nyingi, na yalikuwa ya kujikinga. Mzee akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Wakaondoka. Soda waliziacha nusu.

Najua nikikasirika naambiwa uchungu unaota mizizi. Lakini nieleze, wewe uliyesoma mambo haya: ni nani alisema huzuni ya mtoto aliyemzika baba yake ni pepo? Huyu mtoto alimshikia baba yake tochi kila friji ilipofunguliwa mgongo. Asipohuzunika yeye, ahuzunike nani?

Nasubiri jibu la barua iliyopita.

Dada yako.


10 Mei

Dada mpendwa,

Salamu. Huku wote wazima. Mapacha wana mafua. Barua zako zote mbili nilizipata.

Wifi yako na mimi tumeshauriana, tunaona umlete Bosi huku. Chumba kipo, kina dirisha zuri. Hapa hakuna anayemjua, atapumzika, na shule tunaweza kumtafutia. Nauli nitatuma mimi.

Yale uliyoyauliza, naomba tuyazungumze tukionana uso kwa uso. Karatasi haitoshi.

Kuna jambo lazima nikuambie kabla hujalisikia kwa wengine. Mgeni wa Jumapili ya Vijana ni mimi. Walinialika tangu mwanzo wa mwaka. Mzee wa kanisa aliniandikia kwamba kutakuwa na ushuhuda wa kijana aliyevushwa kupitia Weka Mezani, ili wageni waone matunda ya kazi. Hakutaja jina. Naapa, dada, sikujua ni wa nani.

Tafadhali fikiria kumleta.

Mdogo wako.


19 Mei

Mdogo wangu,

Mapacha wapewe maji ya moto na wafunikwe miguu. Salamu zimekwisha.

Umesema hakutaja jina. Nimelisoma neno hilo, nikaweka barua chini, nikashona mikono miwili ya shati, nikarudi kulisoma. Kumbe makanisa yetu yanajua kutotaja jina. Wanakuandikia wewe mkubwa wao, wanalisitiri. Wakimsimamisha mtoto mbele ya watu, wanalisema na la baba yake.

Bosi sitamleta. Hakutenda kosa hata ahamishwe mji. Yeye ndiye aliyeumizwa, halafu yeye ndiye afungashe?

Nataka nikukumbushe jambo, na kama wifi anasoma barua hii, anisamehe. Ulipokuwa darasa la kwanza, baada ya mama kufariki, ulikuwa unakojoa kitandani. Baba alikuwa mkali, unamkumbuka. Nilikuwa naamka kabla yake, nageuza godoro, nafua shuka, naianika nyuma ya choo ambako hapiti mtu. Akiniuliza mbona mapema hivyo, namwambia nimezoea. Nilikuwa msichana mdogo kuliko Bosi wa leo. Hakuna aliyejua. Si shangazi, si walimu, si yule rafiki yangu niliyekuwa namwambia kila kitu. Ulikuwa unaniangalia nikianika, unanyonya kidole, na siku moja ukaniuliza, "Dada, hutasema?" Nikakuambia sitasema. Ukaacha kukojoa baadaye, pole pole, bila mtu kukutangaza.

Je, wewe leo ungekuwa ndiye mtu wa kusimama mbele ya viongozi ukawafundisha kwamba siri ni mlango wa adui, kama mimi ningeitoa ile shuka uani?

Na usinielewe vibaya. Sisemi Spika angenyamaza. Mtoto akisema hataki kuamka, hilo halibakizwi kifuani. Angemwambia, "Bosi, hili ni zito kwangu na kwako. Twende wote kwa mama yako." Angekuja kwangu siku ileile. Ningekwenda naye kliniki siku ileile. Kumwambia mtu mmoja anayeweza kusaidia ni kitu kimoja, na kumwambia kila mwenye masikio ni kingine. Mimi ni mshonaji tu, lakini hilo nadhani hata mapacha wanalijua.

Sasa Jumapili ya Vijana. Bosi hatakuwepo na mimi sitakuwepo. Kama unakuja kama mjomba, mlango uko wazi na kitanda kimetandikwa. Kama unakuja kama mgeni mkubwa kuonyesha matunda, pita mbali na nyumba yangu. Na ukipewa kile kipaza sauti, utajua mwenyewe cha kusema. Nimekuandikia kila ninachokijua.

Usiniulize hali yangu. Uliiuliza mwezi wa tatu, na naona uliiuliza ili usijibu langu.

Dada yako.


28 Juni

Dada,

Salamu kwako na kwa Bosi. Mafua yamekwisha.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitaka mambo yatulie kwanza, na hayajatulia.

Utakuwa umeshasikia habari za Jumapili ile, lakini nakuandikia kama ilivyokuwa. Kanisa lilijaa. Walinipamba kwa shada la maua shingoni, nilisikia kama nimevishwa kamba. Spika alinikabidhi kipaza sauti. Nilikuwa na hotuba nzuri niliyoiandaa tangu Januari. Niliitazama, nikaiona haina mtu ndani.

Nikawauliza vijana, "Nani hapa ana jambo ambalo amelificha asilitaje Jumamosi, kwa kuogopa kutajwa Jumapili?" Nikawaambia wasiinue mikono. Dada, hawakuinua, lakini niliona macho. Yote yaliangalia chini kwa pamoja, mstari hadi mstari.

Nikazima kipaza sauti. Waliokuwa nyuma wakalalamika hawasikii, nikawaambia wasogee. Nikasema Weka Mezani imekwisha, katika makanisa yote nilikoifikisha, na kwamba kuanzia siku ile kijana akimwambia kiongozi jambo lake, haliendi kwenye duara, wala madhabahuni, wala kwenye simu. Nikasema likihusu uhai wake, kiongozi atamwambia kijana mwenyewe kwanza, kisha watakwenda pamoja kwa mzazi au kwa muuguzi wa kliniki, na litaishia hapo. Maneno mengine yalikuwa yako. Sikusema ni ya nani.

Mzee wa kanisa aliniambia baadaye nimelidharau kanisa mbele ya wageni. Spika ndiye pekee aliyesimama na swali. Alisema, "Sasa mtu akituambia jambo kama lile, sisi tunamjibu nini? Hatujui cha kusema." Dada, alisema kweli. Miaka yote nimewafundisha cha kutangaza, sikuwafundisha jinsi ya kukaa na mtu. Nikamwambia hivyo mbele ya watu. Tumeomba yule muuguzi wa kliniki yenu awafundishe viongozi, na amekubali, kwa sharti kwamba asipewe kipaza sauti.

Ofisini wamenisimamisha semina hadi kamati ikae. Wifi yako anasema angalau sasa mapacha wanamjua baba yao kwa sura.

Sikuja nyumbani kwako. Nilifika hadi kwenye kona ile yenye duka la rangi, nikaona mlango wa karakana uko wazi, nikasikia cherehani. Nikageuka, nikaenda kituoni kupanda basi. Uso wa kukutazama sikuwa nao.

Nimesikia kwa Spika kwamba Bosi ameanza kuzungumza na muuguzi. Nimemshukuru Mungu kwa magoti. Alisema nini? Kama mjomba wake, ningependa kujua ili nijue namna ya kumwombea.

Mdogo wako.


9 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwenu nyote, na wifi nimemcheka sana, mwambie hivyo. Hapa kona ya karakana imezibwa. Yule mwenye friji alikuja hatimaye, na badala ya kuichukua akapanda kuziba paa, akasema marehemu aliwahi kumtengenezea bila kumdai alipokuwa hana kazi. Shemeji yako hakuniambia hilo. Alikuwa na mengi ya namna hiyo, nayapata moja moja kwa wateja.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Sikuona neno samahani mahali popote, nikatafuta hata nyuma ya karatasi. Lakini nimeona ulichokifanya, na najua inavyokuwia vigumu kulisema lile jingine. Siku ile uliyosimama kwenye duka la rangi, ungepiga hatua chache tu. Ningekupa chai kwanza, kisha ningekugombeza.

Spika alikuja hapa. Hakuja na biblia wala na watu. Alikaa kizingitini, akasema kwa kupitia pazia, "Bosi, sijaja kukuombea. Nimekuja kusema nilikukosea." Bosi hakutoka. Alipoondoka, nilikuta pazia limesogezwa kidogo, upana wa jicho. Sijui maana yake, nakuandikia tu nilichokiona. Shule hajarudi. Muuguzi anasema tusiharakishe, na mwalimu yule nimemwandikia mwalimu mkuu juu yake, tena kwa wino.

Sasa swali lako. Kwanza umenichekesha, halafu umenikasirisha, maana umesimama mbele ya kanisa zima ukayasema yote yale, kisha ukapanda basi ukaenda kuniuliza alisema nini.

Sijui alisema nini. Siku hiyo nilikaa nje kwenye benchi, na mlango ulikuwa umefungwa. Nilisikia sauti yake bila kusikia maneno, kwa muda mrefu, nikakaza macho kwenye viatu vyangu nisije nikasogea karibu na mlango. Niliomba pale pale kwenye benchi, nikamwambia Mungu kwamba mimi sitasikiliza, asikilize Yeye. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Mama, twende, nina njaa." Tukaenda. Tulikula mkate njiani, tukiwa tunatembea, na sikumuuliza kitu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya tangu msiba.

Muuguzi alinieleza ninachopaswa kujua ili awe salama nyumbani. Nini nikiondoe kabatini, dalili gani nikiziona nimrudishe bila kungoja. Hayo nayafanya. Yaliyobaki ni ya mwanangu. Akitaka kuniambia ataniambia, na asipotaka nitaendelea kumpikia. Godoro langu bado liko chumbani kwake, na sasa yeye ndiye anayeniuliza kama panya wamekwisha.

Wewe mwombee bila kujua. Mungu ameshaambiwa na mwenyewe.

Na hali yangu pia, usichoke kuniuliza. Siku nikiwa tayari nitakuambia.

Nilipofika mstari huu nimemwita Bosi, nimemuuliza kama naweza kukuandikia kwamba anakusalimu. Amefikiri kidogo, akasema naweza.

Bosi anakusalimu.

Dada yako.